Je, Wajua? Kila Tajiri na Pishi Yake

Nafasi ya kwanza bado iko wazi

Je, wajua kwamba kuna orodha ya dunia ambayo nafasi tatu za juu hazijapewa mtu kwa zaidi ya miaka kumi sasa? Ni orodha inayopima juhudi za nchi dhidi ya mabadiliko ya tabianchi. Ilianza kutolewa mwaka 2005 na shirika la Germanwatch la Bonn, Ujerumani, na siku hizi huandaliwa pamoja na taasisi ya NewClimate na mtandao wa Climate Action Network. Hupima nchi 63 na Umoja wa Ulaya, ambazo kwa pamoja hutoa zaidi ya asilimia 90 ya gesi joto yote ya dunia. Katika kila alama 100, alama 40 zinatokana na kiasi cha gesi ambacho nchi inatoa. Zinazobaki zinagawanywa sawasawa kati ya nishati jadidifu, matumizi ya nishati na sera za serikali.

Nafasi ya kwanza, ya pili na ya tatu huachwa wazi kwa sababu waandaaji hawajaona nchi inayofanya ya kutosha. Hesabu huanzia nne. Katika ripoti iliyotoka Novemba 2024, Denmaki ilikuwa ya nne, Uholanzi ya tano, Uingereza ya sita. Ya saba na ya nane hazikuwa nchi tajiri hata kidogo: Ufilipino na Moroko. Norwei, yenye utajiri wa kutosha kununua karibu kila teknolojia iliyopo, ilikuja nyuma yao. Mkiani walipangana Urusi, Falme za Kiarabu, Saudia na Iran, nchi zinazoishi kwa mafuta na gesi. Mwaka uliofuata Denmaki ilibaki pale pale pa nne, na Marekani ikaporomoka hadi nafasi ya tatu kutoka mwisho.

Kwa hiyo fedha peke yake hazimpandishi mtu. Ukitaka kujua kinachompandisha, inabidi kwanza uangalie jinsi kila mmoja anavyojipimia mwenyewe.

Punguzo linaanzia wapi?

Ukisikia kwamba nchi fulani imeahidi kupunguza gesi joto kwa nusu, uliza: nusu ya nini? Umoja wa Ulaya na Uingereza huhesabu kuanzia mwaka 1990. Marekani, Kanada na Australia huhesabu kuanzia 2005. Japani huhesabu kuanzia 2013. Hakuna aliyeokota mwaka wake njiani. Ni soko ambalo kila mchuuzi amekuja na pishi yake.

Chukua Ujerumani. Mwaka 1990 ndio uliounganisha Mashariki na Magharibi. Viwanda vya Mashariki, vilivyokuwa vikiendeshwa kwa makaa ya mawe duni yenye moshi mzito, vilifungwa kimoja baada ya kingine katika miaka michache iliyofuata. Gesi joto ya Ujerumani ikashuka ghafla, na sehemu kubwa ya mshuko huo haikuwa na uhusiano wowote na sera ya tabianchi. Uingereza nayo, katika miaka hiyo hiyo ya tisini, ilikuwa imebinafsisha umeme wake, na makampuni yakakimbilia gesi ya Bahari ya Kaskazini kwa kuwa ilikuwa nafuu kuliko makaa. Kwa nchi hizo mbili, 1990 ni mwaka mtamu wa kuanzia.

Kwa Marekani mwaka huo ni mchungu. Kati ya 1990 na 2005 moshi wake uliendelea kupanda, na ahadi inayohesabiwa kutoka kileleni huonekana kubwa kuliko ile inayohesabiwa kutoka bondeni. Japani ni mfano ulio wazi zaidi. Baada ya tetemeko na tsunami ya Machi 2011 na ajali ya Fukushima, ilizima vinu vyake vya nyuklia na kuchoma makaa, mafuta na gesi kuziba pengo. Mwaka 2013 gesi joto yake ikafika kileleni, na mwaka huo huo ndio iliouchagua uwe mwanzo wa hesabu: asilimia 46 pungufu ifikapo 2030.

Na kuna jambo ambalo wengi wamelisahau. Itifaki ya Kyoto ya mwaka 1997, ambayo tuliambiwa inazibana nchi tajiri, iliiruhusu Australia *kuongeza* gesi joto yake kwa asilimia 8 juu ya kiwango cha 1990. Aislandi ilipewa ruhusa ya asilimia 10. Maseneta wa Marekani walikuwa wamekwisha kupiga kura 95 kwa 0, miezi kabla ya mkutano wa Kyoto, kupinga mkataba wowote ambao ungeibana nchi yao bila kuzibana nchi zinazoendelea. Marekani haikuridhia Itifaki hiyo hata siku moja. Kanada iliridhia, ikashindwa kutimiza, na Desemba 2011 ikatangaza kujitoa.

Miaka 142 ya makaa

Je, wajua kwamba nchi iliyowasha mapinduzi ya viwanda kwa makaa ya mawe haichomi tena makaa kupata umeme? Mwaka 1882 kampuni ya Thomas Edison ilifungua kituo cha umeme wa makaa katika barabara ya Holborn Viaduct, London. Tarehe 30 Septemba 2024 kituo cha mwisho, Ratcliffe-on-Soar katika jimbo la Nottinghamshire, kikazimwa. Uingereza ikawa ya kwanza katika kundi la G7 kuachana kabisa na umeme wa makaa. Mwaka 2012, yaani miaka kumi na miwili tu kabla ya hapo, makaa yalikuwa bado yakitoa karibu asilimia 40 ya umeme wake.

Kilichofanya kazi hapa ni sheria. Mwaka 2008 Bunge la Uingereza lilipitisha Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi, na wabunge waliopinga walihesabika kwa vidole. Sheria hiyo inaitaka serikali iweke ukomo wa gesi joto wa kila miaka mitano, na iuweke miaka kumi na miwili kabla, ili chama kitakachoingia madarakani kesho kikute mpaka umekwisha kuchorwa. Kamati huru ya wataalamu huripoti bungeni kila mwaka, na serikali lazima ijibu. Kisha, mwaka 2013, ikaja ada ya ziada juu ya hewa ukaa inayotoka kwenye vituo vya umeme. Makaa, ambayo kwa kila uniti ya umeme hutoa hewa ukaa takriban mara mbili ya gesi, yakakosa faida. Wenye vituo walifunga wenyewe kwa sababu hesabu ilikataa. Wakati huo mitambo ya upepo ilikuwa ikisimikwa baharini kwa mamia.

Mimi naiona sheria ile ya 2008 kuwa hatua bora kuliko ahadi yoyote iliyotolewa jukwaani tangu wakati huo. Ahadi hutolewa na kiongozi wa leo, lakini mabadiliko ya tabianchi yana umri mrefu kuliko muhula wa kiongozi yeyote.

Hata hivyo, Uingereza nayo ina doa. Kituo cha Drax, Yorkshire, kilichokuwa kikubwa kuliko vyote vya makaa nchini humo, sasa huchoma vidonge vya mbao vinavyosafirishwa kwa meli kutoka Marekani na Kanada. Kwa kanuni za kimataifa, hewa ukaa ya mti huandikwa kwenye daftari la nchi ulikokatwa mti. Kwa hiyo moshi unaotoka kwenye mabomba ya Drax huingia katika hesabu ya Uingereza kama sifuri.

Moshi usio na kwao

Ndege inayoruka kutoka Paris kwenda New York, na meli inayojaza mafuta Rotterdam kwenda Shanghai, moshi wao ni wa nani? Katika hesabu rasmi za mataifa, si wa mtu. Huandikwa pembeni, nje ya jumla ya nchi. Uingereza imeamua kuujumuisha kuanzia kipindi cha 2033 hadi 2037, na bado ni miongoni mwa wachache.

Bidhaa pia husafiri bila moshi wake. Simu au saruji iliyotengenezwa kwingine huacha hewa ukaa kwenye daftari la aliyetengeneza, si la aliyenunua. Uswisi, ambayo milima na maziwa yake huifanya ionekane safi mno, ina takriban theluthi mbili ya gesi joto inayotokana na matumizi ya watu wake ikitoka nje ya mipaka yake.

Mwanamuziki aliyegoma kulipa ushuru wa barabara

Kisa cha Norwei kinastahili nafasi. Mwaka 1989 mwanaharakati Frederic Hauge, kiongozi wa shirika la Bellona, aliingiza nchini gari dogo aina ya Fiat Panda lililobadilishwa kutumia umeme, akiwa na Morten Harket na Magne Furuholmen wa bendi ya a-ha, iliyokuwa ikitamba duniani wakati huo. Wakaliendesha kupita vituo vya ushuru wa barabara bila kulipa. Faini zikarundikana, gari likakamatwa na kupigwa mnada, na wao wakalinunua tena kwa bei ya chini na kuanza upya. Magazeti yakafuata, na wananchi wakaanza kuuliza kwa nini gari lisilotoa moshi linatozwa sawa na linalotoa.

Mwanzoni mwa miaka ya tisini magari ya umeme yakaondolewa kodi ya kuingizwa nchini. Mwaka 1997 yakasamehewa ushuru wa barabara, na mwaka 2001 yakasamehewa kodi ya ongezeko la thamani. Gari la petroli lilibaki na kodi nzito. Mwaka 2024 karibu magari mapya tisa kati ya kila kumi yaliyouzwa Norwei yalikuwa ya umeme mtupu. Hakuna nchi nyingine iliyofika hapo. Umeme wenyewe unatokana karibu wote na maporomoko ya maji.

Sasa upande wa pili. Norwei ni miongoni mwa wauzaji wakubwa wa mafuta na gesi duniani, na mapato hayo yamejenga mfuko wa taifa wenye zaidi ya dola trilioni 1.5, kwa ajili ya watu wasiofika milioni sita. Mafuta hayo yakichomwa Ujerumani au Uholanzi, moshi huandikwa huko. Nchi hiyo hiyo imetoa fedha nyingi kulinda misitu ya kitropiki. Brazil ndiyo iliyonufaika zaidi, na mwaka 2008 Tanzania nayo iliahidiwa kroner milioni 500 kwa miaka mitano. Siwezi kuidharau Norwei, kwa kuwa yale magari yapo na yanaonekana barabarani. Lakini visima vipya vinaendelea kuchimbwa katika Bahari ya Kaskazini, na mafuta yake yatachomwa na mtu mahali fulani.

Kodi ileile, matokeo tofauti

Ufini ilianzisha kodi ya kaboni mwaka 1990, ya kwanza duniani. Uswidi ikafuata mwaka 1991 kwa krona 250 kwa tani, na leo imepita 1,300. Gesi joto ya Uswidi imeshuka kwa zaidi ya theluthi tangu 1990 huku uchumi wake ukikua kwa zaidi ya nusu. Nyumba zilizokuwa zikipashwa joto kwa mafuta sasa hupata maji ya moto kupitia mabomba ya mji mzima, yanayochemshwa kwa mabaki ya mbao na taka.

Sasa tazama Ufaransa. Novemba 2018 maelfu ya watu waliovaa vizibao vya njano walifunga barabara kupinga nyongeza ya kodi hiyohiyo kwenye mafuta. Kabla ya Krismasi serikali ikawa imefuta nyongeza. Australia ilianza kutoza kaboni Julai 2012 na kufuta Julai 2014. Kanada iliondoa tozo ya kaboni kwa watumiaji wa kawaida Aprili 2025, ingawa fedha nyingi zilikuwa zikirudishwa kwa kaya.

Kwa nini Uswidi wakubali na wengine waandamane? Uswidi ilipoanza kutoza, ilipunguza kodi ya mapato wakati uleule, na watu wengi walikuwa na njia nyingine ya kupasha nyumba au kufika kazini. Mfaransa wa kijijini hakuwa na treni wala basi. Alikuwa na gari la dizeli, na mwaka huohuo alikuwa ameona kodi ya utajiri ikifutwa kwa matajiri. Hapo ndipo ninapoona somo kubwa kwa yeyote atakayetunga kodi ya namna hii Nairobi au Dodoma: dereva wa bodaboda hatakubali kulipia anga iwapo anaona mwenye mali anasamehewa. Uswisi imepata njia yake. Sehemu kubwa ya kodi ya kaboni kwenye mafuta ya kupashia nyumba hurudishwa kwa kila mkazi kama punguzo kwenye bili yake ya bima ya afya.

Wa nne, na kwa nini

Mwaka 1973, nchi za Kiarabu zilipozuia mafuta, Denmaki ilikuwa ikitegemea mafuta ya kuagizwa kwa karibu nishati yake yote. Serikali ikapiga marufuku magari Jumapili, na watu wakatembea kwa miguu na baiskeli katikati ya barabara kuu. Wengine walipopata mafuta tena walisahau. Wadenmaki hawakusahau. Walitandaza mabomba ya maji ya moto mtaa kwa mtaa, wakaanza kuunda mitambo ya upepo, na sheria zao zikawapa wanavijiji nafasi ya kumiliki hisa katika mitambo hiyo. Mwaka 1991 wakasimika mitambo kumi na moja baharini, Vindeby, shamba la kwanza la upepo wa bahari duniani. Yote kumi na moja kwa pamoja ilikuwa na uwezo usiofika megawati 5. Leo mtambo mmoja mpya wa baharini hupita jumla hiyo kwa mbali. Upepo sasa hutoa zaidi ya nusu ya umeme wa nchi.

Sheria ya tabianchi ya 2020 inaitaka Denmaki ipunguze gesi joto kwa asilimia 70 ifikapo 2030, ikihesabiwa tangu 1990. Mwishoni mwa mwaka huohuo, ikiwa mzalishaji mkubwa wa mafuta katika Umoja wa Ulaya, iliamua kutotoa tena vibali vipya vya kutafuta mafuta baharini na kufunga kabisa uchimbaji ifikapo 2050.

Kisha ikagusa jambo ambalo wanasiasa wengi hawathubutu kuligusa: ng'ombe na nguruwe. Ng'ombe anapocheua hutoa methani, gesi inayonasa joto kuliko hewa ukaa mara nyingi. Mwaka 2024 serikali, wakulima na watunza mazingira walikaa meza moja na kukubaliana kwamba kuanzia 2030 wafugaji watatozwa kwa gesi ya mifugo yao, nchi ya kwanza duniani kufikia uamuzi huo. Kumbuka kwamba Denmaki ina nguruwe wengi kuliko watu. Mwaka huohuo New Zealand, ambayo karibu nusu ya gesi joto yake hutoka mashambani, iliachana na mpango kama huo baada ya wakulima kuupinga.

Kama ningetakiwa kutaja tajiri mmoja aliyejitahidi kwa dhati, ningeitaja Denmaki.

Bibi zetu wa Uswisi

Je, wajua kwamba wanawake wazee zaidi ya 2,000 waliishitaki nchi yao na wakashinda? Ni wanachama wa umoja wa akina bibi wa Uswisi, wengi wao wakiwa wamepita miaka 70. Hoja yao ilikuwa rahisi: mawimbi ya joto huua wanawake wazee kuliko wengine, na serikali yao inajivuta. Mahakama za nyumbani zikawakatalia kila ngazi. Tarehe 9 Aprili 2024 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya, Strasbourg, ikaamua kwamba Uswisi imevunja haki yao ya maisha binafsi na ya familia kwa kushindwa kuchukua hatua za kutosha. Miezi miwili baadaye wabunge wa Uswisi walipiga kura ya kusema nchi yao inafanya ya kutosha. Hukumu haikubadilika.

Njia hiyo ilikuwa imefunguliwa na Waholanzi. Shirika la Urgenda na raia 886 waliishitaki serikali ya Uholanzi, wakashinda mwaka 2015, na Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ikathibitisha ushindi huo tarehe 20 Desemba 2019: gesi joto ipungue angalau asilimia 25 ifikapo mwisho wa 2020. Kituo cha makaa cha Hemweg, Amsterdam, kikafungwa mapema. Mwaka 2020 lengo likafikiwa, likisaidiwa kwa kiasi na zuio la UVIKO.

Ujerumani nayo, mwaka 2021, iliambiwa na Mahakama ya Katiba kwamba sheria yake iliwatwisha vijana mzigo wa kesho ili wazee wa leo wapumue. Serikali ikauleta karibu zaidi mwaka wa kufikia uzani sawa wa kaboni, yaani kutotoa gesi joto zaidi ya inayoondolewa angani, kutoka 2050 hadi 2045. Na tarehe 23 Julai 2025 Mahakama ya Kimataifa ya Haki, The Hague, ilitoa maoni kwamba kulinda mfumo wa tabianchi ni wajibu wa kisheria wa mataifa. Shauri hilo lilipelekwa kwa juhudi za Vanuatu, nchi ndogo ya visiwa vya Pasifiki, na wazo lilianzia darasani, kwa wanafunzi wa sheria wa Chuo Kikuu cha Pasifiki Kusini.

Bili ya umeme ya Mjerumani na paa la mama wa Singida

Mwaka 2000 Ujerumani ilipitisha sheria iliyomhakikishia mtu yeyote mwenye paneli za sola bei maalumu kwa kila uniti anayoipeleka kwenye gridi, kwa miaka ishirini. Bei ya mwanzo ilikuwa pfennig 99, yaani senti za sarafu ya Ujerumani ya wakati huo, mara kadhaa zaidi ya bei ya kawaida. Waliolipa tofauti hiyo ni wateja wa kawaida, kupitia bili zao za kila mwezi. Walilalamika, na walikuwa na sababu. Lakini soko likapanuka, viwanda vikajengwa, hasa China, na katika muongo wa 2010 bei ya paneli ikaanguka kwa takriban asilimia 90.

Paneli ndogo inayowasha taa na kuchaji simu vijijini kwetu leo ni nafuu kwa sababu, pamoja na mengine, Mjerumani alikubali kuinunua ilipokuwa ghali. Orodha za ubora hazina safu ya kuandika jambo hili, nami nadhani ni mchango mkubwa kuliko tani nyingi zilizopunguzwa ndani ya Ujerumani kwenyewe. Nchi hiyohiyo ilizima vinu vyake vitatu vya mwisho vya nyuklia tarehe 15 Aprili 2023 huku makaa yakiruhusiwa kisheria kuendelea hadi 2038, uamuzi ambao sijawahi kuona hoja ya kunishawishi.

Aislandi nayo inatudai deni zuri. Tangu 1979 imekuwa ikiendesha mafunzo ya jotoardhi kwa wataalamu wa nchi zinazoendelea, na Wakenya ni miongoni mwa waliohudhuria kwa wingi. Wengi wao walirudi kuchimba visima vya mvuke vya Olkaria, Naivasha. Hiyo ni sehemu ya sababu ya Kenya leo kupata takriban asilimia 90 ya umeme wake kutoka vyanzo jadidifu, kiwango ambacho nchi nyingi za G7 hazijakikaribia.

Orodha ya mwaka 1992

Nani tajiri? Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Tabianchi una orodha ya nchi zinazopaswa kuchangia fedha, na orodha hiyo iliandikwa mwaka 1992. Ina Ugiriki na Ureno. Haina Qatar, Kuwait, Falme za Kiarabu, Singapore wala Korea Kusini. Qatar, ambayo hewa ukaa yake kwa kila mkazi ni zaidi ya mara mbili ya Marekani, kisheria imo katika kundi moja na Burundi.

Hata hivyo historia ina uzito wake. Takriban robo ya hewa ukaa yote ambayo binadamu ameitoa tangu mapinduzi ya viwanda imetoka Marekani. Afrika nzima imetoa kama asilimia 3. Mmarekani mmoja leo hutoa kwa mwaka hewa ukaa ya Watanzania zaidi ya arobaini. China sasa ndiyo inayotoa nyingi kuliko nchi yoyote kwa mwaka, lakini hewa ukaa hukaa angani karne kwa karne, na iliyotolewa Pittsburgh na Manchester zamani bado inavuruga mvua zetu.

Ahadi ni deni. Mwaka 2009, katika mkutano wa tabianchi wa Copenhagen, nchi tajiri ziliahidi kufikisha dola bilioni 100 kwa mwaka ifikapo 2020. Zilichelewa miaka miwili: mwaka 2022, kwa hesabu zao wenyewe, zilitoa bilioni 115.9, na sehemu kubwa ya fedha za umma ilikuwa mikopo, yaani fedha ambazo anayefurika maji leo atazirudisha kesho pamoja na riba. Katika mkutano wa Baku, Novemba 2024, nchi zinazoendelea ziliomba trilioni 1.3 kwa mwaka. Zikapewa ahadi ya nchi tajiri kuongoza kupatikana bilioni 300 kwa mwaka ifikapo 2035.

Novemba 2023 mfuko wa hasara na uharibifu unaotokana na mabadiliko ya tabianchi ulizinduliwa katika mkutano wa Dubai. Falme za Kiarabu, zisizolazimika kutoa hata senti, ziliahidi dola milioni 100. Ujerumani ikaahidi kiasi hichohicho. Marekani ikaahidi milioni 17.5, na Machi 2025 ikajiondoa katika bodi ya mfuko huo. Kati ya mwishoni mwa 2020 na 2023 Pembe ya Afrika, ikiwemo kaskazini mwa Kenya, ilikosa mvua misimu mitano mfululizo, na wanasayansi wakakadiria kwamba ongezeko la joto la dunia liliufanya ukame huo uwezekane takriban mara 100 zaidi. Masika ya 2024 yakageuka mafuriko, kutoka Mai Mahiu hadi Rufiji. Waliopoteza ng'ombe Marsabit, na waliopoteza mashamba ya mpunga Rufiji, hawakuwa na nafasi katika mkutano wowote kati ya hiyo.

Mwaka 2027 mkutano wa dunia wa tabianchi utakuja Afrika Mashariki, Addis Ababa. Wajumbe wa nchi tajiri watashuka na vitabu vya takwimu vyenye mishale inayoelekea chini. Wewe mwandishi wa habari, mwanafunzi, mbunge, au msikilizaji wa redio mwenye simu mkononi, waulize mambo matatu: punguzo lenu mmelihesabu kuanzia mwaka gani, moshi wa ndege zenu na bidhaa mnazonunua kwetu na kwingine mmeuandika wapi, na katika fedha mlizotoa, ni kiasi gani tutatakiwa kukirudisha.